Kasa mwenye sumu hajulikani

Kila nikimaliza kuzungumza habari za kasa, iwe Mkoani, iwe Mafia, iwe katika ukumbi wa mikutano Dar es Salaam, huinuka mkono nyuma kabisa, na swali nalijua kabla halijatoka mdomoni: “Mtaalamu, kasa mwenye sumu anajulikanaje?” Hajulikani. Ningependa jibu hilo litoshe, lakini halitoshi. Muulizaji hunisikiliza kwa adabu zote, kisha huniambia kwamba marehemu bibi yake alikuwa akimjua.

Basi tuyapitie mambo ya bibi moja moja, maana watu wanaendelea kuzikwa kwa kuyaamini.

Kuna wanaosema siri iko jikoni: nyama ichemshwe sana, maji ya kwanza yamwagwe, itiwe ndimu na siki, kisha iungwe kwa tui zito. Sumu ya kasa haiondoki kwa moto. Haiondoki kwa ndimu wala siki, wala kwa kuikausha nyama juani. Novemba 2024, huko Maguindanao del Norte, kusini mwa Ufilipino, watu 3 walikufa na makumi wakalazwa baada ya kula kasa aliyepikwa adobo, pishi ambalo nyama hutokoswa ndani ya siki na sosi ya soya hadi ilainike. Siki haikuwaokoa. Asiyeridhika na hilo anieleze yeye ana siki gani.

Wengine hawaitegemei sufuria, wanamtegemea paka. Apewe kipande kwanza, au kunguru atupiwe ini. Akibaki mzima, watu wale. Kule Ufilipino nako paka, mbwa na kuku waliolishwa nyama ileile walikufa, na nikisimulia hivyo kuna anayedakia: “Si unaona? Paka anaonyesha!” Anaonyesha lini? Dalili huanza baada ya saa kadhaa, na wakati mwingine baada ya siku kadhaa. Pemba, Novemba 2021, familia kadhaa zilikula kasa siku ya Alhamisi na athari zikaanza kuonekana Ijumaa. Wa kwanza kufariki alikuwa mtoto wa miaka 3. Jumla walikufa watu 7, na wengine 38 wakapata matibabu. Paka aliyepewa kipande saa 10 alasiri bado anajilamba miguu kibarazani saa 2 usiku, sinia limeshatandazwa na watoto wameshanawa mikono. Kipimo kinachotoa majibu baada ya mlo si kipimo.

Halafu wapo wanaomkagua kasa mwenyewe: macho, rangi ya mafuta, uzito wa gamba, kama analegea au ana nguvu. Hawa ndio wanaonichosha zaidi, kwa sababu wanadhani kasa mwenye sumu ni kasa mgonjwa. Si mgonjwa hata kidogo. Sumu hiyo inadhaniwa kutokana na anachokula, hasa mwani na viumbe vidogo sana vinavyoota juu ya majani ya nyasi za bahari anazokula, nayo hujilimbikiza mwilini mwake bila kumdhuru. Katika nyama ya kasa iliyodhuru watu Madagascar, watafiti waliwahi kukuta sumu inayotengenezwa na viumbe vya aina hiyo. Kasa mwenye sumu anaogelea vizuri, nyama yake haina harufu mbaya, ladha yake ni ileile. Hakuna cha kukagua.

Mwisho huja hoja ya wazee: “Sisi tumekula miaka yote, mbona hatujafa?” Mmekula kasa wengine. Huyu wa leo amesafiri pengine mamia ya kilomita, akivuka mipaka ya nchi, kutoka malisho yake hadi ufuo wa kutagia, na hamjui alikuwa akila wapi wala kulikuwa kumeota nini huko. Nyama ya kasa ni kitoweo cha zamani Pemba. Ukale huo haukuwasaidia watu wa kisiwa cha Panza mwezi Machi 2024: watu 9 walikufa, 8 kati yao watoto, na wa tisa alikuwa mama wa mmoja wa watoto hao. Waliolazwa walikuwa 78. Watoto ndio wanaotangulia, kwa kuwa miili yao ni midogo, na sumu hupita pia katika maziwa ya mama, kwa hiyo anaweza kudhurika hata mtoto mchanga ambaye hajawahi kuonja nyama.

Mafuta ya kasa kwa pumu, nyama yake kwa nguvu za kiume: hakuna uchunguzi wa kitabibu uliothibitisha lolote kati ya hayo. Mwenye pumu aende kliniki akaandikiwe dawa ya kuvuta.

Nimetumia nafasi kubwa kwa swali lisilofaa, na lililo bora limebaki na aya chache: kasa anatazamwa wapi, na vipi? Kasa jike huchukua miaka 20 au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Ufuo anapochinjwa jike mmoja umepoteza mayai ya miaka mingi ijayo, na kijiji kimepoteza wageni ambao wangelipa kumwona.

Mafia, iliyo na hifadhi ya bahari tangu 1995, ndipo pa kuanzia. Pandeni mashua Utende hadi Juani, mkivuke kisiwa kwa miguu hadi upande wa bahari kuu, ambako walinzi wa viota kutoka vijijini huhesabu siku tangu mayai yatagwe. Huanguliwa baada ya takriban siku 50 hadi 60, na wao ndio wa kuwaambia mfike lini. Kati ya Juni na Septemba mna nafasi nzuri. Kwa Pemba nendeni Misali, inayohifadhiwa tangu 1998, ambako hutaga kasa na ng'amba. Kenya mna Watamu, na kwa wenye subira kuna Kiunga, kaskazini kabisa ya Lamu, hifadhi tangu 1979. Huko ulizeni kwanza hali ya usalama.

Mkifika, zimeni tochi na simu. Jike akitoka majini akaona mwanga au mtu anayetembea, hugeuka na kurudi bila kutaga. Kaeni chini, kimya, mpaka mlinzi awaite, kisha mmsogelee kasa kwa nyuma. Mtaona pezi la nyuma likikunjwa kama kiganja, likishuka shimoni, likichota mchanga na kuuweka kando taratibu, halafu pezi la pili linashuka kuchota zamu yake, hivyo hivyo mpaka mapezi yasiweze tena kufika chini. Ndipo mayai huanza kudondoka, mawili matatu kwa mara moja, hadi mia na ushei. Msimguse. Watoto wake wakitoka msiwabebe, msisimame mbele yao, msiwapige picha kwa mwanga. Majini msimfukuze, anahitaji kupanda juu kuvuta pumzi.

Mvuvi aliyemnasa wavuni amwachie, kwani sheria za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zote zinakataza kumchinja. Ukialikwa sinia la kasa, kataa, hata mwenyeji akinuna. Na aliyekwisha kula asingoje koo liwake, tumbo lisokote au kizunguzungu kianze: aende hospitali leo hii, na watoto wote waliokula naye, na mama anayenyonyesha amweleze daktari. Maziwa na mkaa wa kusaga wa nyumbani havimponyi. Dawa ya kuivunja sumu hii haipo hata hospitalini. Kilichopo ni maji ya mishipani, oksijeni na uangalizi wa karibu, na vyote hivyo humfaa zaidi anayewahi.