Vyombo vya Anga (Sehemu ya 3): Darubini Imegoma Kugeuka, Kosa ni la Bodi au la Betri?

Makala mbili zilizotangulia zilihusu vioo na lenzi, kisha egemeo linalobeba darubini. Leo tunafungua kifuniko cha egemeo lenyewe na kuitazama bodi inayoendesha mota. Hapo ndipo darubini nyingi za kisasa hukwama, na hapo ndipo wenye nazo hukata tamaa mapema mno.

Tuanze na kazi ya bodi. Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na kwa sababu hiyo nyota huonekana zikihama digrii 15 kila saa. Ukitumia lenzi ya jicho inayoonyesha nusu digrii ya anga, nyota iliyo kwenye ikweta ya anga itavuka upande hadi upande na kukupotea kwa dakika 2 tu. Mota ipo ili kuifuata. Katika maegemeo mengi mota huzungusha skrubu inayosukuma gia yenye meno 180, na skrubu hiyo lazima imalize mzunguko mmoja kwa takriban dakika 8, usiku kucha, bila kusitasita.

Ndani ya bodi kazi hiyo imegawanywa mara tatu. Kuna sehemu inayoshusha umeme wa volti 12 hadi volti 5 au 3.3. Kuna chipu inayopiga hesabu. Kuna pia chipu nyingine, dereva wa mota, inayopokea amri na kusukuma umeme wa kutosha kwenye mota. Fundi akiuelewa mgawanyo huu, nusu ya kazi ameimaliza.

Sasa tuipeleke darubini hiyo Koboko, katika eneo la West Nile nchini Uganda. Mji huu uko digrii 3.4 hivi kaskazini ya ikweta, na hapo pana matatizo mawili ambayo kijitabu cha mtengenezaji hakiyagusi sana.

La kwanza ni la kijiografia. Egemeo la kiikweta hutakiwa mhimili wake uelekee ncha ya anga. Ulaya mhimili huo huinuka digrii 40 au 50, lakini Koboko unalala karibu sawa na ardhi. Maegemeo mengi hayakuundwa kushuka kiasi hicho, na yanayoshuka huweza kugonga mguu wa stendi kwa ile fimbo ya uzani. Mota ya DC ikikwama hivyo, umeme unaopita hupanda ghafla na dereva huchemka hadi kuungua. Nyota ya Kaskazini nayo, ambayo wenzetu wa mbali huitumia kulenga, huwa chini mno, nyuma ya miti na vumbi la kiangazi. Kwa mkazi wa West Nile, egemeo linalogeuka kushoto na kulia, juu na chini, halina usumbufu huu.

La pili ni umeme, na hili ndilo linaloua bodi nyingi zaidi. West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa hadi mwaka 2024. Watu wamezoea kuishi kwa sola na betri, na hata leo anayetaka anga lenye giza hutoka nje ya mji na betri yake. Paneli iliyoandikwa volti 12 hutoa kama volti 18 ikiwa kazini, na hupita 21 isipobebeshwa mzigo. Mtu akiiunganisha moja kwa moja na darubini mchana ili alitazame jua kwa kichujio, kapasita iliyopimwa kwa volti 16 haina la kufanya ila kupasuka. Usiku kosa lingine hujitokeza: vibanio vya betri hushikwa gizani, chanya ikaenda kwa hasi, na chipu zikaenda nazo.

Lakini si kila bodi inayonyamaza imekufa. Betri ya asidi iliyojaa husoma karibu volti 12.7, ikifika 11.8 imekwisha. Mota mbili zikianza kwa pamoja, volti hushuka zaidi kwa kitambo kidogo, chipu inayopiga hesabu huzimika na kuwaka upya, na darubini husahau ilikokuwa ikitazama. Wenye darubini za Celestron huona maneno "No Response 16" au "17" kwenye rimoti. Namba ya kwanza ni mota ya kugeuka kushoto na kulia, ya pili ni ya kupanda na kushuka. Mara nyingi chanzo ni betri dhaifu au plagi iliyolegea, na bodi haina kosa lolote.

Kwa hiyo fundi aanzie nje aje ndani. Kwanza apime volti mwishoni mwa waya, pale unapoingia kwenye darubini, mota zikiwa zinazunguka. Kipimo cha betri ikiwa imepumzika hakitoshi. Kisha afungue bodi aitazame kwa kamera ya simu iliyovuta karibu: kapasita iliyovimba, alama nyeusi, ukungu wa kijani kwenye miguu ya soketi, risasi iliyopasuka mahali waya unapoingia. Asisahau kunusa, kwani chipu iliyoungua haifichi harufu yake. Kwa Meade LX200 za zamani, kapasita za tantalamu ndizo za kushukiwa kwanza, maana zinajulikana kwa kupiga shoti.

Baada ya hapo, zima umeme kabisa na ubadilishane plagi za mota mbili, kama zinafanana. Washa. Kosa likihamia kwenye mota ya pili, bodi ndiyo mgonjwa. Likibaki kwenye mota ile ile, ni mota yenyewe au waya wake. Neno "zima" hapo si la mapambo: kuchomoa mota ya hatua (stepper) wakati umeme unapita ni njia ya haraka ya kuua dereva. Mota ya DC ikikimbia kwa kasi yote kisha ikasimama yenyewe, safisha kwanza enkoda, kile kisahani chenye mistari kinachoihesabia mizunguko, kwa sababu vumbi huipofusha.

Dereva na kidhibiti volti, ile sehemu inayoshusha umeme, hubadilishika. Fundi simu wa Koboko au Arua anayetoa soketi ya chaji kwa hewa moto na kuweka nyingine ana mkono wa kutosha kwa kazi hii. Kinachomshinda ni chipu ya hesabu, kwa kuwa programu iliyomo ni ya mtengenezaji na chipu tupu ya dukani haina faida. Hapo ndipo OnStep inapofaa: ni programu ya bure iliyoanzishwa na Mmarekani Howard Dutton, inayoendeshwa na bodi ndogo kama ESP32 pamoja na madereva yale yale ya mashine za kuchapa vitu vya plastiki. Kwa egemeo lenye mota za hatua, bodi ya zamani hutupwa na gia zikaendelea na kazi.

Hata hivyo, bodi mpya ikirudishwa kwenye waya ule ule itakufa kifo kile kile. Weka fyuzi karibu na betri, na baada yake dayodi sambamba na njia ya umeme, katodi ikiwa upande wa chanya: mtu akikosea vibanio, dayodi hupitisha umeme wote, fyuzi hukatika na bodi husalimika. Vifaa hivyo viwili ni rahisi kuliko chipu yoyote iliyomo ndani.

Wenye darubini wana sababu ya kufanya kazi hii mapema. Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipopatwa kikamilifu Pakwach, huko huko West Nile, giza lilidumu kama sekunde 20 tu. Tarehe 2 Agosti 2027 kupatwa kamili kutapita Misri hadi Somalia, na Koboko itaona sehemu yake. Bodi inayozimika katikati ya tukio kama hilo haikupi nafasi ya pili.

Wiki ijayo: gia, grisi na mchanga.