Kinyaa Hutoka Wapi?

Kisangani ni mji wa makabila mengi. Wagenia ni wavuvi. Husimamisha miti mikubwa katika maporomoko ya mto Kongo, na hapo hufunga mitego iliyosukwa kama vikapu. Nguvu ya maji huwasukuma samaki ndani. Walokele ni watu wa mitumbwi na biashara. Wakumu, Wambole na Watopoke ni watu wa mwitu mkubwa unaouzunguka mji. Tena wako Waislamu, na wazee wa baadhi yao walifika pamoja na misafara ya Tippu Tip, kabla ya mwaka 1900. Wote hukutana sokoni, na kila watu wana chungu chao.

Twende basi sokoni kwa fikira. Tutaona samaki waliokaushwa kwa moshi, sombe, kwanga, na ndizi za kupika lituma. Karibu yake mama mmoja ameweka beseni la viwavi waliokaushwa. Mwingine anauza mpose, yaani mabuu weupe, wanene, wanaotolewa ndani ya michikichi iliyoanguka. Mpose wako hai, wanajikunjakunja. Mnunuzi mmoja akiwaona, mate humjaa kinywani. Anafikiri jinsi watakavyokaangika katika mafuta yao wenyewe. Mnunuzi wa pili huziba mdomo na kugeuza uso.

Je, watu hao wawili wamepishana nini? Wote wana macho, pua, ulimi na tumbo vya namna moja. Kitu wanachokitazama ni kimoja. Tofauti imo katika mafundisho waliyoyapata utotoni.

Mtoto mchanga hana kinyaa. Mtazameni ndugu yenu mdogo anayetambaa. Udongo, mende, ganda la ndizi lililokanyagwa, vyote huvipeleka kinywani. Mama hukimbia, hukunja uso na kusema, "Tema! Mbaya hiyo!" Mtoto hajui maneno yote, lakini uso wa mama anaujua vizuri. Vilevile mama akila viwavi kwa furaha na kumpa kidogo, mtoto hujifunza kwamba hicho ni chakula. Hufundishwa hivyo siku kwa siku, hata somo likaingia mwilini mwake. Akiwa mkubwa husahau kwamba alifundishwa. Hudhani ya kuwa ubaya umo katika chakula chenyewe.

Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Paul Rozin, pamoja na wenzake, walieleza jaribio la ajabu. Walichukua mende aliyekufa, ambaye vijidudu vyote vya ugonjwa vilikuwa vimeuawa. Wakamchovya katika maji ya matunda, kisha wakamtoa. Watu walijua kwamba mende huyo hana ugonjwa. Walakini hamu yao ya kunywa maji yale ilishuka sana. Twaona basi kwamba akili yaweza kusema, "Hakuna hatari," na tumbo likakataa.

Kila nchi ina mambo yake. Kwa Waganda na Wahaya, senene waliokaangwa ni kitu cha kupelekea mgeni. Watu wa Zanzibar hupika pweza kwa nazi; lakini mtu wa bara akimwona mara ya kwanza, na mikono yake minane, aweza kushtuka. Wafaransa hula konokono, miguu ya vyura, na jibini lililoota ukungu na kunuka sana. Wajapani hula samaki mbichi. Na katika Injili twasoma kwamba Yohane Mbatizaji alikula nzige na asali ya mwitu.

Kwa nini desturi hizo zimepishana? Mara nyingi sababu ni nchi yenyewe. Katika mwitu wetu ng'ombe hawastawi, kwa kuwa mbung'o huwaua. Kwa hiyo wazee wetu walitafuta kitoweo mtoni na mwituni. Huko Ulaya baridi ni kali, wadudu ni wadogo, nao watu walikuwa na ng'ombe, kondoo na nguruwe. Wadudu wakahesabiwa pamoja na uchafu. Wageni wengi waliotoka huko waliona kinyaa mbele ya viwavi, na baadhi ya watu wetu wakaanza kuona haya kwa chakula cha mama zao.

Haya hiyo ina hasara. Viwavi waliokaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao huwa ni chakula cha kujenga mwili, kama kile kilicho katika nyama na samaki. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilieleza kwamba watu wapatao milioni elfu mbili duniani hula wadudu, wa aina zaidi ya 1900. Katika mji wetu si kila nyumba iwezayo kununua nyama. Tena wazee wajua kiwavi gani huliwa na yupi huwasha, na wajua humpata katika mti gani. Mtoto anayecheka hatajifunza elimu hiyo, na wazee wakifa, itazikwa pamoja nao.

Lakini tusiseme kwamba kinyaa hakina kazi. Harufu ya nyama iliyooza hutufukuza, nasi huponea hapo. Kinyaa ni kama mlinzi wa mlango. Shida yake ni kwamba mara nyingine humfukuza mgeni mwema na kumwachia mwivi apite. Viwavi wakioshwa na kupikwa vizuri hawadhuru, na watu wengi huwakimbia. Lakini nyani aliyeokotwa amekufa mwituni aweza kuonekana nyama nzuri, kumbe ana ugonjwa wa kuua. Ugonjwa wa Ebola ulijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, na moja ya mahali hapo ni Yambuku, katika nchi yetu. Waganga wa hospitali hutuonya tusiguse wala tusile mnyama aliyeokotwa amekufa. Katika mambo ya hatari tusiulize ulimi wala desturi peke yake. Tuwasikilize wenye elimu ya magonjwa.

Na katika mambo ya desturi tufanyeje? Hakuna mtu apaswaye kula kila kitu. Mwislamu hali nguruwe. Tusimcheke, wala tusimdanganye ili ale. Nawe ukipewa chakula usichokizoea, waweza kusema, "Asante mama, nimeshiba." Lakini usiteme mate, wala usikunje uso. Mtoto aliyechekwa shuleni kwa sababu ya mpose wake, kesho atakula kwa kujificha, au atakaa na njaa. Na mama yake, aliyeamka alfajiri kuwapika, atakuwa ametukanwa bila kosa.

Kabla hujasema, "Chakula chao ni kibaya," jiulize kwanza: Je, ni kibaya, au mimi sikukizoea?

MASWALI

1. Mpose hupatikana wapi, na huiva katika mafuta gani?
2. Mtoto mchanga hujifunzaje kuona kinyaa?
3. Kwa nini wazee wetu hawakufuga ng'ombe wengi?
4. Taja chakula kimoja kinachochukiwa bila kudhuru, na nyama moja ya kuogopwa hata ikipendeza.
5. Rafiki yako ameleta chakula usichokijua. Utamwambia nini?