Kipuli kisicho na mwenzake

Kipuli kimoja kikidondoka mchangani pale Pirates, ufuo wa Bamburi, mwenzake hana kazi tena. Kukivaa peke yake haiwezekani, kukitupa moyo unakataa, na kukipeleka dukani mtu anaona haya. Basi kinafungwa kitambaani, kinatiwa ndani ya kopo la mafuta ya nywele lililokwisha, na kopo linasukumwa nyuma ya kabati. Nyumba nyingi kuanzia Mtambo hadi Utange zina kopo la namna hiyo. Ndani mna mkufu uliokatika, bangili iliyopinda, pete isiyoingia kidoleni tangu mtoto wa pili, na pengine pete ya ndoa ambayo aliyeivisha alishakwenda zake.

Tukichukue hicho kipuli tukipigie hesabu. Tuseme kina gramu mbili, karati 21, ile dhahabu wanayorudi nayo dada zetu wanaofanya kazi Saudia. Karati 21 maana yake ni kwamba asilimia 87.5 ni dhahabu tupu, kwa hiyo mna gramu 1.75 za dhahabu. Oktoba 2025 wakia moja, yaani gramu 31.1, ilivuka dola 4,000 kwa mara ya kwanza. Kwa bei hiyo, dola ikihesabiwa shilingi 129, dhahabu iliyomo kwenye kipuli hicho ni ya takriban Sh29,000. Sonara atakata chake, na ni haki yake, lakini kitakachobaki si pesa za kudharauliwa na nyumba ya mayatima inayohangaikia unga na mafuta ya kupikia kila mwisho wa mwezi.

Sasa tazama tunavyochanga. Linafunguliwa kundi la WhatsApp, namba ya paybill inabandikwa juu, majina yanapangwa: huyu mia mbili, yule mia tano, mwingine "Mungu akubariki" bila senti. Siku ya tatu kundi linanyamaza. Kesho yake linafunguliwa jingine la madrasa, au la mgonjwa, au la paa la kanisa, na wanaotoa ni walewale kwa mishahara ileile. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo imechapwa kwenye kadi za michango hata imepauka. Mfuko wa M-Pesa wa Bamburi umekamuliwa. Kopo la kabatini halijaguswa.

Uingereza walishaliona hili. Oxfam ilianza duka lake la vitu vya kutolewa mjini Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940, na leo ni jambo la kawaida huko shirika la hisani kumwomba mtu mapambo asiyoyataka, yawe mazima au vipande. Visivyouzika katika maduka kama hayo, hasa nguo, hufungwa marobota yakasafirishwa, na mengine hushukia bandarini kwetu na kuishia soko la Kongowea. Yaani tumezoea kununua kilichotolewa sadaka Ulaya, ila kutoa vya kwetu kwa njia hiyo bado tunaona ni ugeni.

Na ugeni wenyewe uko wapi? Waislamu wanakijua kisa cha siku ya Idi, Mtume alipowaendea wanawake baada ya hotuba akawahimiza watoe sadaka, naye Bilali ametandaza nguo yake. Wakavua hereni na pete wakazitupa humo. Hawakwenda kwanza nyumbani kutafuta dirhamu. Walitoa kilichokuwa masikioni na vidoleni. Wakristo nao wana Kutoka 35, ambapo watu waliokuwa jangwani walileta vipini, hereni na pete za kujengea hema ya kukutania. Anayesoma Biblia yake vizuri atakumbuka pia sura ya 32, kabla ya hiyo, ambapo hereni za watu walewale zilikusanywa na Haruni zikatoka motoni zikiwa ndama. Dhahabu moja, watoaji wamoja. Kilichotofautiana ni nani alikusanya na kwa kazi gani, na nitalirudia hilo, kwa sababu ndipo jambo zima linapokwama.

Jambo jingine linalonifanya niamini njia hii inafaa hapa pwani ni kwamba dhahabu ni mali ya mwanamke. Mahari ni yake, zawadi za harusini ni zake, alichonunuliwa na mamake ni chake. Katika sheria ya Kiislamu mume hana fungu humo, na mwanamke akitaka kuitoa haombi ruhusa. Kwenye harambee za hadharani anayesimama mbele na bahasha mara nyingi ni mwanamume. Kwenye kopo la mapambo mwenye kauli ni bibi mwenye nyumba. Na tusisahau suala la zaka. Wanavyuoni wa Kishafii, ambao ndio wanaofuatwa na wengi kwenye ukanda huu, hawalitozi zaka pambo la halali linalovaliwa. Lililowekwa kama akiba lina hukumu nyingine: likifika kiasi cha gramu 85 za dhahabu na kupitiwa na mwaka, hutolewa asilimia 2.5. Mwenye kopo zito amwone shehe wake.

Mombasa imeshaona dhahabu ikigeuka kuwa taasisi. Mwaka 1937, jijini Nairobi, Waismailia walimpima Aga Khan wa tatu kwa dhahabu kuadhimisha miaka 50 ya uimamu wake. Agosti mwaka huohuo ikaundwa hapa Mombasa kampuni ya bima iliyobeba jina la jubilei hiyo, Jubilee. Mwaka 1946 mizani ikawekwa tena, safari hii kwa almasi, Dar es Salaam. Ni kweli, wale walikuwa jamaa walioshikana na wenye matajiri wao. Lakini Korea Kusini mwaka 1998 waliotoa hawakuwa matajiri. Nchi ilikuwa imezama kwenye madeni, na watu wapatao milioni 3.5 wakapanga foleni na pete zao za ndoa, na zile pete ndogo wanazopewa watoto siku ya kutimiza mwaka. Zilikusanywa takriban tani 227. Wengi wao walilipwa baadaye kwa pesa za nchi yao, kwa hiyo haikuwa sadaka tupu. Nalitaja kwa sababu ya namna ilivyofanyika: pambo lilipimwa mbele ya mwenyewe, na mwenyewe akaondoka na karatasi.

Upimaji huo hauhitaji mtambo wa ajabu. Nenda kwa sonara yeyote mzoefu Mji wa Kale. Hatazami uzuri wa pambo. Analigeuza atafute mhuri karibu na kishikizo: 375 ni karati 9, 750 ni karati 18, 875 ni 21, 916 ni 22, na 925 ni fedha. Mhuri haumtoshi, maana mhuri hugongwa na mtu. Anachukua jiwe jeusi laini, analikwaruza kwa pambo mpaka libaki na mstari wa manjano, kando yake anachora mstari mwingine kwa sindano ya karati anayoijua, kisha anadondosha tindikali juu ya yote miwili. Mstari wa dhahabu unabaki. Wa shaba iliyochovywa unatoa povu la kijani na kutoweka mbele ya macho yako. Zawadi nyingi za mapenzi zimefia kwenye jiwe lile. Halafu anang'oa vito, kwa sababu vioo vyekundu vya kwenye pete havina bei, anakadiria lehemu, ndipo anaweka kilichobaki kwenye mizani iliyofunikwa kioo ili upepo wa feni usiisukume. Ule ufundi uliolipia siku ya kununua haurudi. Pambo kuukuu hununuliwa kwa uzito, basi.

Hapo ndipo wingi unaposaidia. Mama mmoja akienda na kipuli kimoja, anapokea bei anayopewa. Kamati ikienda na gramu 60 zilizopimwa tayari, yenye orodha ya kila karati, inazungumza na masonara watatu na kuwashindanisha. Kwa mtoaji mmoja mmoja pambo lililovunjika ni usumbufu. Kwa kikundi ni bidhaa.

Ila si kila kitu kinafaa kuyeyushwa. Vikuku vya fedha vya zamani, vipini vya puani, vidani vilivyofuliwa na mafundi wa Lamu au kuja na majahazi kutoka Oman vina thamani kubwa zaidi vikiwa vizima. Bibi akifariki Kisauni akaacha kikuku kilichokuwa cheusi kwa kutosuguliwa, wajukuu hukiona chuma chakavu. Kabla ya kukitia motoni kikaguliwe na mtu anayejua vitu vya kale, kisha kinadiwe. Chungu cha sonara hakirudishi kitu.

Turudi sasa kwa Haruni. Watu wa Bamburi hawakosi huruma, wanaiogopa kamati. Ukituma shilingi mia tano kwa simu, ujumbe unabaki. Ukidondosha kipuli kwenye kapu, hakuna ushahidi wowote, na kati ya kapu na sonara karati 21 inaweza kugeuka karati 9, gramu kumi zikawa sita. Sijui aliyeandaa harambee asiyewahi kunong'onwa. Kwa dhahabu minong'ono itakuwa mikubwa zaidi, na wakati mwingine itakuwa ya kweli.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuanzisha jambo hili asianze kwa kupitisha kapu. Aanze kwa kumwita sonara ukumbini, akae mezani na jiwe lake na mizani yake, kila pambo lipimwe mtoaji akiwa amesimama pale. Risiti iandikwe aina, karati na uzito, isainiwe na watu wawili ambao si ndugu. Mtoaji akibadili nia baada ya kusikia uzito, arudishiwe pambo lake bila maneno. Litakalouzwa, karatasi ya sonara ibandikwe msikitini au kanisani lilikotolewa, kila mtu aone gramu zilizoingia na shilingi zilizotoka.

Kuna la wizi pia, na hapa Kisauni hatuwezi kujifanya hatulijui. Mikufu hunyofolewa shingoni vituoni na kwenye madirisha ya matatu. Kapu lisilouliza jina ni mahali pazuri pa kusafishia kitu kama hicho, na kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu. Sonara naye, chini ya sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha, anahesabiwa miongoni mwa wanaotakiwa kumjua mteja wao. Nambari ya kitambulisho kwenye risiti inawakinga wote watatu: mtoaji, kamati na sonara. Na kikundi chenyewe kiwe kimesajiliwa. Vikundi vya mtaani vina sheria yao ya mwaka 2022, na mashirika ya manufaa ya umma yana Sheria ya mwaka 2013, ambayo baada ya kukaa kabatini kwa miaka kumi na ushei ilianza kutumika Mei 14, 2024.

Kuna swali linaloulizwa kila hoja hii inapozuka: na yale yasiyo dhahabu? Mapambo mengi ya makopo yetu ni shaba, aluminiamu, shanga na plastiki. Sonara hatayagusa. Jibu lake liko njiani, ukivuka daraja la Nyali kuja Bamburi. Karakana ya Bombolulu, iliyoanzishwa mwaka 1969 na iliyo chini ya APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo kilichoundwa 1958, imejijengea jina kwa mapambo ya metali za bei rahisi. Mafundi wenye ulemavu wanakata bamba la shaba, wanalifua, wanalisugua mpaka linang'aa, wanatoboa tundu na kutia ndoano, na hereni inauzwa kwa mgeni kutoka ng'ambo. Thamani haikuwa kwenye metali, ilikuwa kwenye mikono. Shanga za mkufu uliokatika zinaweza kutungwa upya, kishikizo kizima kikahamia kwenye bangili nyingine. Kikundi cha vijana wa Mtopanga chenye koleo mbili na subira kinaweza kuifanya kazi hiyo, mradi kiuze chenye kupendeza, kwani mnunuzi hanunui hereni mbaya mara mbili kwa huruma.

Neno la tahadhari. Kwa wanawake wengi wa huku dhahabu ndiyo benki. Huwekwa rehani shule zinapofunguliwa, huuzwa mgonjwa anapolazwa. Mchungaji au ustadhi atakayesimama kuwaaibisha wanawake wavue bangili zao ili wengine waone atakuwa anabomoa akiba za watu, na sitamtetea. Kinachoombwa ni kilichovunjika, kilichobaki kimoja, kisichovaliwa na kisichotegemewa. Mwenye shida yake auze mwenyewe, ale na wanawe.

Kamati za misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama vya Bamburi zisingoje mfadhili kwa hili. Siku moja ya Jumamosi, ukumbi wa shule, meza, sonara anayeaminika na kitabu cha risiti chenye nakala tatu vinatosha kuanzia. Kama hamna uhakika na kitabu cha risiti, msianze.