KIOO CHA MBELE KIMEPASUKA: JE, NI CHA MPIRA AU CHA GUNDI?

Magari mengi yanayofika Mlandege, mjini Iringa, hupita Barabara Kuu ya Tanzam au barabara za changarawe za vijijini. Lori likitangulia, tairi hurusha mawe. Jiwe dogo tu linatosha kupasua kioo cha mbele. Je, unaweza kukibadili mwenyewe nyumbani? Inategemea kioo hicho kimeshikwa na nini.

Tazama ukingo wake. Kwenye Land Rover za zamani na malori mengi ya zamani, kioo hushikwa na mpira mnene. Ukiinua mdomo wa mpira unaona bati la bodi. Hicho watu wawili wanaweza kukibadili. Magari madogo ya siku hizi, kioo kimegandishwa kwa gundi nyeusi. Hicho mwachie fundi.

KUBADILI KIOO CHA MPIRA

Tafuta blanketi, bisibisi butu, maji ya sabuni na kamba nyembamba imara. Vaeni glovu na miwani.

1. Ondoa waipa. Funika boneti na dashibodi.

2. Mmoja aingie ndani, akunjue mdomo wa mpira kwa bisibisi, kisha asukume kioo polepole kuanzia juu. Mwenzake apokee nje. Mpira uliokauka ukatwe kwa kisu, nunua mpya.

3. Okota vipande vyote. Kwangua kutu kwenye bati, paka rangi, ngoja ikauke. Ukiacha kutu, maji ya mvua yataingia.

4. Vika mpira kwenye kioo kipya. Zungushia kamba ndani ya mfereji wa mpira unaoshika bati. Ncha zake zipishane chini katikati. Paka maji ya sabuni.

5. Weka kioo mahali pake kutoka nje, ncha za kamba zikiwa ndani. Wa nje asukume kwa kiganja, wa ndani avute kamba taratibu. Mdomo wa mpira utaruka bati na kushika. Zungukeni hivyo mpaka mwisho.

6. Mwagia maji uone kama panavuja.

KIOO CHA GUNDI SI MCHEZO

Kioo cha gundi husaidia kushikilia paa gari likipinduka. Katika magari mengi, mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka huegemea kioo hicho. Gundi ikiwa mbovu au mbichi, kioo kitachomoka siku ya ajali, na abiria anaweza kurushwa nje. Silikoni ya madirisha haifai kabisa. Gundi ya magari nayo ina muda wake wa kukauka, na baridi yetu ya Juni na Julai huuchelewesha.

Pia usikubali kuwekewa kioo cha dirisha la nyumba. Hicho huvunjika vipande virefu kama visu. Kioo halali cha mbele ni vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati. Kikipasuka, vipande hubaki vimenata. Mfaransa Édouard Bénédictus aliomba hataza ya kioo cha aina hiyo mwaka 1909.

Asubuhi za baridi, usimwagie kioo maji ya moto. Ufa mdogo utakimbia kioo kizima.

Kabla ya kumlipa fundi, muulize: Umetumia gundi gani? Gari litembee baada ya saa ngapi? Akikwambia ngoja mpaka kesho, ngoja.