Jina la sheria si sheria: Funzo kutoka uwanja wa besiboli

Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika uwanja wa besiboli, mchezo ambao haujapata mashabiki wengi humu nchini. Jibu langu ni kwamba sheria yoyote, iwe ya mchezo, ya shule au ya nchi, kwanza ni matini. Na matini isiposomwa vyema humdhulumu asomaye. Katika besiboli na softiboli ya watoto kule Marekani kuna kifungu kimoja kinachowatatiza wachezaji, wazazi na hata makocha. Wenyewe hukiita kwa jina lenye maana ya 'straiki ya tatu iliyoangushwa'. Nashikilia kwamba chanzo kikubwa cha utata huo ni jina lenyewe, na kwamba Kiswahili kina neno la kuuondoa.

Kwa manufaa ya wasioujua mchezo, nitaueleza kwa ufupi. Mrushaji humrushia mpira mpigaji mwenye gongo. Nyuma ya mpigaji huchutama mdakaji, ambaye kazi yake ni kuupokea mpira uliompita mwenzake. Mpigaji akilizungusha gongo na kuukosa mpira, au akiuacha upite katika eneo linalokubalika, huhesabiwa straiki moja. Akifikisha tatu, kwa kawaida hutolewa. Upande wake ukitolewa wachezaji watatu, zamu yake ya kupiga humalizika. Waliocheza raunda shuleni watautambua udugu uliopo: gongo, mpira na vituo vinne vya kuzungukwa.

Sasa tukitazame kifungu chenyewe. Mpigaji aliyefikisha straiki ya tatu ana haki ya kukimbilia kituo cha kwanza endapo mdakaji hakuudaka mpira huo, mradi kituo cha kwanza kiwe kitupu, au, ikiwa kina mkimbiaji, wachezaji wawili wa upande wake wawe wamekwisha kutolewa. Ili kumtoa, mdakaji hana budi kumgusa kwa mpira, au kuutupa mpira kwa mwenzake aliyeko kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika.

Tuanze na jina. Mtoto akiambiwa 'iliyoangushwa' huusubiri mpira uponyoke kutoka glovu ya mdakaji. Lakini sheria haidai hivyo. Mpira ukigusa ardhi kwanza, kisha ukaruka na kutua salama ndani ya glovu, haukuangushwa na mtu yeyote. Hata hivyo haukudakwa, na mpigaji anaweza kukimbia. Hapa ndipo Kiswahili kinapotufaa. Sisi hudaka kilicho hewani, na huokota kilichoanguka chini. Mtoto wa Kenya anayemtazama golikipa hahitaji kufafanuliwa tofauti ya vitenzi hivi viwili. Tukikiita kifungu hiki 'straiki ya tatu isiyodakwa', nusu ya utata umekwisha.

Nusu ya pili imo katika viunganishi. Sheria inatoa ruhusa kwa kutumia 'au': kituo kiwe kitupu, au wawili wawe wametolewa. Je, mpigaji huzuiwa lini? Wanafunzi wengi watajibu kwa kukanusha kila sehemu na kukiacha kiunganishi kilivyo: kituo kikiwa na mtu, au waliotolewa wakiwa hawajafika wawili. Jibu hilo si sahihi. Ruhusa ya 'au' ikikanushwa, 'au' hugeuka kuwa 'na'. Mpigaji huzuiwa pale tu kituo cha kwanza kinapokuwa na mkimbiaji na waliotolewa hawajafika wawili. Mambo yote mawili sharti yawepo kwa pamoja. Mwalimu wa hisabati atayatambua haya mara moja. Mwalimu wa lugha naye ayatambue.

Lakini kwa nini sheria imejipinda hivi? Historia inajibu. Mwaka 1796 Mjerumani Johann Christoph Friedrich GutsMuths alichapisha kitabu cha michezo, na humo akaeleza aina ya besiboli ya Kiingereza ambamo mpigaji alipewa majaribio matatu. Jaribio la tatu lilikuwa la mwisho, na awe ameupiga mpira au ameukosa, ilimlazimu kukimbia. Kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York za mwaka 1845 zilisema kwamba mpira wa tatu ukikoswa na kudakwa, mpigaji hutolewa. Usipodakwa, huhesabiwa halali naye hana budi kukimbia. Kumbe kukimbia ndiyo kanuni ya asili, na kutolewa ni malipo ya kazi ya mdakaji! Aliyecheza raunda hatashangaa, kwani huko mchezaji hukimbia hata asipougonga mpira.

Kizuizi kiliongezwa baadaye ili kuzima hila. Mkimbiaji akiwa kituo cha kwanza, naye mpigaji akapata haki ya kukimbilia hapo, yule wa kwanza hulazimika kuondoka. Mdakaji mjanja angeuachilia mpira makusudi, kisha awatoe wote wawili kwa mkupuo mmoja. Sheria inamnyima faida hiyo. Wawili wakiwa wamekwisha kutolewa, hila haina maana, maana anahitaji kumtoa mmoja tu. Ndiyo sababu kizuizi huondolewa. Mwanafunzi aliyeielewa sababu hii hahitaji kukariri kifungu, kwani anaweza kukijenga upya mwenyewe.

Gharama ya kutoelewana si ndogo. Tarehe 5 Oktoba 1941, katika fainali za ligi kuu za Marekani, Brooklyn Dodgers walikuwa mbele ya New York Yankees kwa 4-3, na straiki moja tu ilibaki kumaliza mechi. Tommy Henrich aliukosa mpira, lakini ukampita mdakaji Mickey Owen, na Henrich akafika kituo cha kwanza. Yankees walishinda 7-4, na kesho yake wakatwaa ubingwa.

Kisa cha mwaka 2005 kinamhusu zaidi mwanaisimu. Chicago White Sox na Los Angeles Angels walikuwa sare 1-1 katika kipindi cha tisa. A.J. Pierzynski aliikosa straiki ya tatu. Mwamuzi Doug Eddings alikunja ngumi. Mdakaji Josh Paul, akiamini ameudaka mpira, aliurudisha uwanjani na kuondoka. Pierzynski alikimbia na kufika salama, kwa sababu mwamuzi alihukumu kwamba mpira haukudakwa. Muda mfupi baadaye Joe Crede aliupiga mpira ulioleta ushindi wa 2-1. Angels walidai ile ngumi ilimaanisha 'ametolewa'. Eddings alieleza kuwa ndiyo ishara yake ya straiki ya tatu. Ishara ilikuwa moja, maana zikawa mbili.

Ikiwa watu wazima wanaolipwa kucheza hutatizika hivi, mtoto je? Katika shirika la Little League, lililoanzishwa Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939, kifungu hiki hakitumiki katika madaraja ya watoto wadogo. Huanza kutumika wanapopanda daraja. Katika softiboli ya mpira wa polepole hakitumiki pia. Basi mtoto aliyezoea kwamba straiki tatu ni kwenda kuketi, siku moja hurudi benchini kichwa chini ilhali alikuwa na haki ya kukimbia. Hakunyang'anywa haki yake na mtu. Mazoea ndiyo yaliyomficha. Wala tusidhani haya ni ya mbali: mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za shirika hilo.

Walimu wenzangu, ombi langu ni hili. Tunapofunza sheria, ya sarufi, ya sayansi au ya mchezo, tusiishie kwenye jina lake. Tumwonyeshe mwanafunzi kitenzi kinachobeba hukumu, tumtake avikanushe viunganishi, kisha tumpe sababu. Nanyi wanafunzi, jipimeni kwa swali hili: vituo vyote vitatu vina wakimbiaji, wawili wamekwisha kutolewa, na straiki ya tatu imegusa ardhi kabla ya kumfikia mdakaji. Je, mpigaji anaruhusiwa kukimbia? Anaruhusiwa. Na kwa kuwa kila mkimbiaji sasa amelazimika kusogea, mdakaji anaweza kuimaliza zamu kwa kukikanyaga tu kituo cha nyumbani huku mpira ukiwa mkononi mwake. Atakayeweza kumweleza jirani yake kwa nini ni hivyo, bila kufungua kitabu, huyo ameijua sheria.