Tairi na Mzigo Wake

Katika mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakaenda kwa miguu mpaka Masasi. Siku zile vitu vyote vya safari vilichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpagazi aliyetwikwa kupita kiasi hakufika. Na yule aliyetwikwa kwa kiasi, lakini hana ngata kichwani, alifika kwa maumivu.

Sasa mizigo ya Masasi na Newala huchukuliwa kwa magari, lakini kanuni ile ya wapagazi ingalipo. Kila mchukuzi ana kipimo chake, na kila mzigo wataka kitu laini cha kuupokea. Katika gari, mchukuzi na ngata ni kitu kimoja, nacho ni tairi.

Masasi i katika nchi ya chini, kati ya vilima vya mawe. Newala i juu ya uwanda wa Makonde, karibu na ukingo unaotazama bonde la Ruvuma. Juu ya uwanda huo maji ya mvua hunywewa upesi na mchanga, hata mito haipatikani. Kwa hiyo watu wa huko wamejua uzito wa maji tangu zamani, maana waliyachota mabondeni wakayapandisha kwa vichwa. Katika nchi ya namna hii gari dogo la mizigo, liitwalo pikapu, ni msaada mkubwa. Leo hupakia mapipa ya maji, kesho magunia ya korosho, na keshokutwa mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mkomaindo huko Masasi. Hapo ndipo shida inapoanza, kwa kuwa tairi lifaalo kwa mapipa silo limfaalo mgonjwa.

Ili kuifahamu shida hii, hapana budi kujua kwanza jinsi tairi lifanyavyo kazi. Katika mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alipewa hati ya uvumbuzi kwa ajili ya gurudumu lenye hewa, lakini kazi yake ikasahauliwa. Kisha, katika mwaka 1888, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, alipata hati kwa tairi la hewa alilolitengenezea baiskeli ya mwanawe yenye magurudumu matatu. Basi shabaha ya kwanza ya tairi la hewa ilikuwa kupunguza mtikisiko. Kuchukua mizigo mizito kulikuja baadaye.

Watu wengi hudhani kwamba mpira ndio ubebao gari. Sivyo. Mpira na nyuzi zilizomo ndani yake ni kama mfuko. Ibebayo hasa ni hewa iliyofungwa humo. Tuseme kila tairi la nyuma la pikapu tupu lina uzito wa kilo 350 juu yake, yaani ratli 770. Likijazwa hewa ya ratli 35 kwa kila inchi ya mraba, litabonyea mpaka inchi 22 za mraba hivi ziguse chini, maana 35 mara 22 ni 770. Likijazwa hewa ya ratli 65, inchi 12 tu zatosha. Tairi la kwanza limekaa kama mguu wa ngamia. Likikutana na jiwe, hubonyea na kulimeza. Tairi la pili limekaa kama kwato la mbuzi. Halilimezi jiwe, bali hulirukia, na aliye ndani ya gari huruka pamoja nalo. Hata katika mchanga wa uwandani, lile la pili huzama upesi kuliko lile la kwanza.

Kwa nini basi watu wanunue tairi gumu? Kwa sababu ya mzigo. Ubavuni mwa kila tairi imepigwa chapa ya namba, nayo ni kipimo cha mzigo wake. Namba hiyo si kilo zenyewe, bali ni alama ya kilo. Namba 91 maana yake kilo 615. Namba 100 ni kilo 800. Namba 106 ni kilo 950. Namba 112 ni kilo 1,120. Penye namba mbili pamoja, kama 106/104, ya kwanza ni ya tairi lililo peke yake upande mmoja, na ya pili ni ya matairi mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja, kama katika malori. Matairi mengine huandikwa pia 6PR au 8PR. Zamani hesabu hiyo ilionyesha tabaka za nguo ya pamba zilizomo ndani. Siku hizi nyuzi ni za namna nyingine, na tabaka zenyewe huwa chache; namba imebaki kuwa alama ya nguvu tu.

Sasa na ifanywe hesabu ya maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Pipa ni lita 200. Mapipa matano ni kilo 1,000, bila kuhesabu uzito wa mapipa yenyewe. Katika pikapu karibu mzigo wote huangukia magurudumu ya nyuma. Tuseme kilo 900 zimeangukia huko: kila tairi la nyuma, lililokuwa na kilo 350, sasa lina kilo 800. Tairi la namba 106 bado lina nafasi ya kilo 150. Lakini tairi la namba 91, ambalo ni laini na la raha, limezidiwa kwa kilo 185. Huyo ni mpagazi aliyetwikwa kupita kiasi.

Tairi lililozidiwa hubonyea mno kila linapozunguka. Mbavu zake hukunjwa na kunyoshwa mara nyingi katika kila dakika, na kwa kukunjwa huko hupata moto, kama waya upatavyo moto ukikunjwa na kunyoshwa upesi kwa mikono. Moto huo huuachanisha mpira na nyuzi zake, na mwisho tairi hupasuka. Likipasuka katika mteremko wa kutoka Newala, gari laweza kupinduka pamoja na watu wake.

Ili tairi lichukue kilo 950, hapana budi mbavu zake ziwe nene na hewa yake iwe nyingi. Mambo hayo mawili yalitiayo nguvu ndiyo yaliondoleayo ulaini. Springi za nyuma za pikapu nazo zimefanywa ngumu kwa ajili ya mzigo, na gari likiwa tupu hazipindiki sana. Kwa hiyo pikapu yenye matairi magumu hutulia ikiwa na mapipa matano, lakini humtesa mgonjwa akilazwa nyuma peke yake. Mtu aliyevunjika mfupa, au mama aliye karibu kujifungua, husikia kila shimo la njia.

Madereva wengine huona jambo hilo, wakapunguza hewa ili safari iwe laini. Kwa gari tupu hilo si kosa, maadamu hewa haishuki chini ya kipimo cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi huandikwa penye mlango wa dereva. Kosa ni kusahau kuirudisha. Namba ya ubavuni ni ya kweli wakati hewa imetimia tu. Hewa ikipungua, kilo ambazo tairi laweza kuchukua hupungua pia. Dereva aliyepunguza hewa jana kwa ajili ya mgonjwa, akapakia mapipa leo bila kujaza, ana matairi yenye namba kubwa na nguvu ndogo.

Kwa hiyo dereva mwenye busara hulipima tairi asubuhi, kabla halijapata moto wa safari. Hununua matairi kwa kuufikiria mzigo mzito kuliko yote atakaouchukua, kisha hujaza hewa kwa kadiri ya mzigo wa siku ile. Akimchukua mgonjwa, humweka mbele, mbali na ekseli ya nyuma, akaenda polepole. Maana mwendo wa taratibu hupunguza mtikisiko hata kwa tairi gumu. Raha ya msafiri yaweza kupatikana kwa subira ya dereva, lakini tairi lililokwisha kupasuka halina dawa njiani.

MASWALI

1. Kwa nini hewa nyingi hulifanya tairi kuwa gumu njiani?
2. Tairi lina namba 100. Laweza kuchukua kilo ngapi? Je, lingefaa kwa mapipa matano yaliyotajwa? Eleza.
3. Dereva amepunguza hewa kwa ajili ya mgonjwa. Afanye nini kabla ya kupakia magunia ya korosho?