Gurudumu Huishia Langoni: Safari za Siku Moja katika Mashamba ya Uingereza

Kila ifikapo siku ya mapumziko, hasa wakati wa joto, watu wengi wa Uingereza hutoka mijini wakaenda mashambani kutafuta mahali patulivu penye mandhari ya kupendeza. Baadhi yao huenda kwa motakaa iliyogeuzwa kuwa nyumba ndogo: ndani yake mna kitanda, jiko la gesi, beseni la maji na makabati ya vyombo. Kwa kuwa siku hizi ndugu zetu wengi wasemao Kiswahili wanakaa katika nchi ile kwa kazi au masomo, na wengine hukodi motakaa hizo ili wapate kuiona nchi, nimeona yafaa nieleze jinsi safari hizo zilivyo, na sheria zinazoziongoza.

Jambo kubwa nitakalo mlishike ni hili: motakaa humfikisha mtu langoni tu, na utulivu wenyewe hufikiwa kwa miguu. Sheria za nchi ile nazo zimefuata njia iyo hiyo, maana zimempa mwenye kwenda kwa miguu ruhusa kubwa, na mwenye gurudumu ruhusa ndogo. Asiyeijua tofauti hii atasumbuka, na tena atawasumbua wengine.

Kwanza tutazame asili ya desturi yenyewe. Mwaka 1885 tabibu mmoja, jina lake William Gordon Stables, aliagiza atengenezewe gari la nyumba la kukokotwa na farasi wawili, uzito wake kama tani 2, akaliita Wanderer, yaani Mtembezi. Bwana huyu alipokuwa kijana alikuwa mganga katika manowari za Uingereza, na moja ya manowari hizo ilikuwa ikiwawinda wafanya biashara ya watumwa katika pwani ya Msumbiji. Katika gari lake alisafiri kutoka Twyford, kusini mwa England, hata Inverness katika Uskoti, na mtumishi wake alimtangulia juu ya baiskeli ya magurudumu matatu ili awaonye watu kwamba gari kubwa linakuja. Mwaka 1907 wapenda safari za namna hii waliunda chama chao. Baadaye zikaja motakaa. Mwaka 1950 kiwanda cha Volkswagen cha Ujerumani kilianza kutengeneza gari lenye umbo la sanduku ambalo mafundi waliligeuza upesi kuwa nyumba ya safari, na katika miaka iyo hiyo mafundi wa Folkestone, Kent, walikuwa wakitengeneza magari yaitwayo Dormobile, ambayo dari lake liliweza kuinuliwa ili mtu asimame wima ndani. Tangu hapo jambo lililokuwa la matajiri wachache likawa la watu wengi.

Sasa tuje kwenye ardhi. Mgeni akitazama milima ya Uingereza, akaona nyika pana isiyo nyumba wala ua, ila kondoo wachache, hudhani kwamba nchi hiyo haina mwenyewe. Sivyo. Karibu kila kipande kina mwenyewe, awe mkulima, tajiri, chama au Serikali. Hata hifadhi za taifa za huko, ambazo jumla yake katika England, Wales na Uskoti ni 15, si kama Serengeti, ambamo wanyama wameachiwa nchi. Ndani yake mna vijiji, mashamba, makanisa na shule, na watu wanaishi humo kama walivyoishi baba zao. Kwa hiyo swali la kwanza la msafiri si wapi pazuri, maana mahali pazuri ni pengi. Swali ni hili: ni wapi nina ruhusa ya kupita, na wapi nina ruhusa ya kusimama?

Ruhusa ya kupita haikupatikana bure. Kati ya miji ya Manchester na Sheffield kuna mlima mpana uitwao Kinder Scout, wenye kimo cha futi 2,087. Zamani watu waliofanya kazi katika viwanda vya miji hiyo waliuona mlima huo kila siku kwa mbali, katika moshi, lakini walikatazwa kuupanda, kwa kuwa mwenyewe, aliyekuwa Duke wa Devonshire, aliuweka kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Siku ya Jumapili, tarehe 24 Aprili 1932, vijana mamia kadha walikusanyika katika kijiji cha Hayfield, wakaongozwa na Benny Rothman, kijana wa miaka 20, wakaupanda mlima pasipo ruhusa. Walinzi wakawazuia, pakawa na mapigano machache. Vijana watano walitiwa gerezani, kifungo kikiwa tangu miezi miwili hata sita. Adhabu ile iliwachukiza watu wengi ambao kwanza hawakuliunga mkono jambo lao, na maneno ya haki ya kutembea yakaenea nchi nzima.

Mwaka 1949 Bunge lilitoa sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 hifadhi ya kwanza, Peak District, ikawekwa pale pale penye Kinder Scout. Mwaka 2000 ikatoka sheria nyingine, inayompa kila mtu haki ya kutembea kwa miguu katika milima, nyika na ardhi ya umoja iliyoandikwa, katika England na Wales. Na mwaka 2002, ilipotimia miaka 70 tangu siku ile, Duke wa Devonshire wa wakati huo, ambaye ni mjukuu wa yule wa kwanza, aliomba radhi hadharani kwa mambo yaliyowapata wale vijana. Katika Uskoti sheria ya mwaka 2003 ni pana zaidi: mtu aweza kupita karibu kila mahali kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi, na kupiga hema lake usiku, mradi aende kwa adabu na asiingie katika ua wa nyumba ya mtu.

Walakini, katika haki hizo zote motakaa haimo. Katika Uingereza kuendesha motakaa nje ya barabara, katika nyika au katika ardhi ya mtu, pasipo ruhusa, ni kosa kwa sheria ya mwaka 1988. Aliyetoka barabarani kwa yadi zisizozidi 15 ili asimamishe gari lake hahesabiwi mkosaji, lakini msamaha huo haumpi haki ya kukaa hapo, na mwenye ardhi aweza kumwambia aondoke. Hata Dartmoor, kusini magharibi mwa England, ambako Mahakama ya Juu iliamua mwezi wa Mei 2025 kwamba watu wana haki ya kulala katika nyika ya umoja, haki hiyo ni ya mwenye hema alilolibeba mgongoni. Mwenye motakaa hana budi kutafuta uwanja uliowekwa, au kumwomba mkulima.

Ndiyo sababu safari ya siku moja yafaa kuliko ya kulala. Mtu huondoka alfajiri, huiacha motakaa mahali halali, hutembea, hurudi akapika chai yake, na jioni yuko kwake. Na tuone mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni Hayfield yenyewe. Kutoka Manchester si mbali. Nje kidogo ya kijiji, penye daraja liitwalo Bowden Bridge, pana uwanja wa kuwekea motakaa, napo ndipo penye machimbo ya mawe ya kale walipokutanikia wale vijana wa 1932. Kibao kimebandikwa kuwakumbuka. Kutoka hapo njia hupita kando ya ziwa lililochimbwa na watu, ikapanda katika bonde jembamba la kijito, hata juu ya nyika. Ukiufuata ukingo wa mlima utafika Kinder Downfall, poromoko la maji la kimo cha futi kama 100. Upepo wa magharibi ukivuma kwa nguvu, maji yale huinuliwa yakarudishwa juu kama moshi mweupe, nawe waweza kuyaona kutoka mbali. Mzunguko wote ni kazi ya saa nne au tano kwa mtu mwenye miguu mizuri. Achukue nguo za mvua na dira, maana ukungu hushuka kwa ghafula.

Mfano wa pili ni Northumberland, karibu na mpaka wa Uskoti. Huko umo ukuta wa mawe ulioanzwa mwaka 122 kwa amri ya Kaisari Hadrian wa Rumi, ukikata nchi toka pwani ya mashariki hata ya magharibi kwa urefu wa maili 73. Motakaa huachwa katika uwanja wa Steel Rigg, kisha mtu hufuata ukuta kwenda mashariki, ukipanda na kushuka juu ya majabali, na ziwa dogo likionekana chini. Katika moja ya mabonde hayo palikuwa na mti mmoja peke yake, uliopendwa na watu wengi mno. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Septemba 2023 watu wawili waliukata kwa msumeno wa mashine. Mwezi wa Julai 2025 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka minne na miezi mitatu. Shina limetoa machipukizi, lakini hakuna mtu aliye hai leo atakayeuona mti kama ule ukisimama pale tena. Kaskazini zaidi ni msitu na ziwa la Kielder. Sehemu hiyo pamoja na hifadhi ya Northumberland zilitambuliwa mwaka 2013 kuwa mahali pa giza safi, yaani taa za miji haziufichi usiku. Mtu aliyezaliwa mjini London, ambaye hakupata kuona nyota ila chache, huko huona anga lote kama sisi tulionavyo vijijini mwetu.

Wasikilizaji, utulivu ni mali ya ajabu: kila ajaye kuutwaa hupunguza sehemu ya mwenziwe. Mwaka 2015 njia ya kuzunguka kaskazini mwa Uskoti, yenye maili kama 516, ilitangazwa kwa wasafiri kwa jina la North Coast 500. Watu wakaja kwa wingi. Biashara zilipata faida, lakini barabara nyingi za huko ni nyembamba, gari moja kwa wakati, na zina vipenu vya kupishana. Msafiri akiiweka motakaa yake katika kipenu hicho ili apike chakula, gari la mgonjwa, la posta au la mkulima halina pa kupita. Kadhalika kando ya Loch Lomond, tangu 2017, mtu hana ruhusa ya kulala katika sehemu fulani za ufuoni kuanzia Machi hata Septemba pasipo kibali, kwa sababu wageni waliotangulia waliacha takataka na kukata miti. Wenye adabu wanalipa deni la wasio na adabu.

Basi yafaa msafiri ashike mambo machache. Aende siku za kazi, au mapema asubuhi, na auepuke mwezi wa Agosti ikiwezekana, kwa kuwa shule zimefungwa. Anunue ramani kubwa ya Ordnance Survey. Juu yake njia za miguu zimetiwa alama za kijani, na ardhi iliyo wazi kwa wote imepakwa rangi ya manjano hafifu. Mahali pa kuwekea motakaa huwa na kelele, lakini mwendo wa nusu saa huwaacha wengi nyuma. Lango aliache kama alivyolikuta, likiwa wazi au limefungwa. Mbwa wake amfunge kamba penye kondoo. Maji machafu na choo cha gari avimwage mahali palipowekwa, asivimwage kijitoni.

Na juu ya moto naomba mnisikilize sana. Juu ya nyika zile udongo ni mweusi, umefanyika kwa majani yaliyooza tangu karne nyingi, nao ukikauka huwaka chini kwa chini. Mwezi wa Juni 2018 moto ulishika nyika ya Saddleworth, karibu na Manchester, watu wakahamishwa katika nyumba zao, na askari wa jeshi wakaitwa kusaidia kuuzima. Kwa hiyo asiwashe makaa nyikani. Wala asiyaingize ndani ya motakaa ili kujipasha joto. Sisi twajua habari za watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, wasiamke. Motakaa ni chumba kidogo kuliko hicho, na hewa ile ya sumu haina rangi wala harufu.

Haki ya kutembea katika nchi ile ilipatikana kwa vifungo vya vijana waliokuwa hawana kitu ila miguu yao, na anayeiharibu ni mtu aonaye kwamba kulipa kodi ya motakaa kumemnunulia na mlima. Mgeni hana sababu ya kuona haya wala hofu akisimama penye lango la Hayfield. Njia ni yake sawasawa na mwenyeji. Azime motakaa, afunge mlango, aende zake.